Aliyelala Chini ya Goli

Waliokuwa nasi wiki iliyopita wanajua tulipoachia: rola imezama golini na watu wanakimbia. Wewe uliyetukuta njiani leo, sogea hapa nikupe machache usije ukapotea.

Tunu binti Khalfani wa Kunduchi aliolewa na Kondo, kijana mponda kokoto. Mwaka ule wa mvua kubwa, shimo la machimbo likaporomoka mchana kweupe na Kondo hakuonekana tena. Mdogo wake, Mbwana, alitoka pale vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akaapa mbele ya mtaa mzima: "Kaka alikuwa chini. Nimemwona kwa macho yangu."

Walichimba wakashindwa. Wakamsalia bila mwili. Tunu akakaa eda, na eda ilipokwisha, baada ya vikao vya wazee, Mbwana akamwoa. Wakajaaliwa binti, Nusaiba.

Shimo lilijazwa kifusi, likasawazishwa, vijana wakaweka magoli. Ukawa uwanja wa vumbi. Mwaka huu Azan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa klabu ya mtaa, akasema vumbi basi, tunataka nyasi. Akamleta Leonardi, fundi wa nyasi kutoka Bukoba, kisha akatafuta watu wa kumwagilia. Tunu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Watu walidhani anatafuta riziki. Alikuwa anamtafuta mumewe.

Kila asubuhi, akiburuta mpira wa maji, alikuwa akiongea na Kondo. Alimweleza bei ya unga. Alimweleza habari za mama yake. Siku moja alimwomba radhi kwa kuolewa na mdogo wake, akalia pale pale huku maji yanamwagika.

Ukoka wa kwanza uliungua kwa maji ya chumvi ya kisima. Wa pili mbuzi walifanya karamu. Wa mwisho walileta maji kwa lori la boza, ukashika. Lakini ajabu ilikuwa goli la kusini. Uwanja mzima bado wa manjano, pale golini ukoka uliota kijani kibichi, mnene, kipande cha kulala mtu mmoja.

Mtaa ukaanza kunong'ona. Makipa wakaanza kuugua ghafla.

Ndipo Leonardi akaleta rola kushindilia, na ardhi ya golini ikafunguka.

*

Dereva aliruka akaangukia magoti. Rola ikalala ubavu, nusu ndani nusu nje, injini inaunguruma.

"Zima! Zima hiyo kitu!" Leonardi alipiga kelele.

Dereva akaizima. Kukawa kimya. Katika kile kimya ikasikika sauti kutoka chini, mchanga unamiminika polepole, kama mtu anapepeta mchele kwenye chumba chenye giza.

Leonardi alilala kifudifudi, akachungulia.

"Kuna pango huku," alisema. "Kifusi hakikufika. Maji yetu yote yalikuwa yanakimbilia hapa, ndiyo maana nyasi..."

Akajivuta nyuma haraka.

"Ndiyo maana nyasi nini?" Azan alimuuliza.

"Mwenyekiti, piga simu polisi."

Tunu alikuwa amesimama nyuma yao, mpira mkononi, maji yanamlowesha miguu na hana habari. Akaupenya ule umati mdogo, akapiga magoti, akatazama.

Aliona buti jeusi la mpira. Ndani ya buti, mfupa.

Hakupiga ukelele. Alifungua kanga yake ya juu, akaitandaza kwenye mdomo wa shimo, kama unavyomfunika mtu aliyesinzia jua likamfikia.

"Nimekuja," alimwambia. "Mie hapa. Nimekuja."

Azan aligeuza uso, akafuta macho kwa kiganja.

Mbwana alifika mbio kutoka kwenye kibanda chake cha kuziba pancha ng'ambo ya barabara, mikono imejaa grisi. Alifunua kanga, akatazama mara moja tu.

"Fukieni," alisema.

"Nini?"

"Fukieni, nasema! Maiti hafukuliwi. Kaburi lake ndilo hilo, mnataka nini tena?"

"Braza, taratibu," Azan alimshika bega. "Si wewe uliyekuwa unalia kila mwaka kwamba hukupata hata kucha ya kuzika? Leo Mungu kamtoa. Mtu analilia kaka yake, akimpata anasema afukiwe?"

Mbwana aliirudisha kanga juu ya shimo kwa haraka.

Tunu aliliona lile. Akadhani ni uchungu.

*

Polisi walikuja, wakazungusha utepe, wakaondoka na ile mifupa kwenda hospitali. Mbwana aliitwa kumtambua marehemu. Akasema buti ni la kaka yake, akatia sahihi.

Mabuti kama yale kila mponda kokoto alikuwa nayo. Azan mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyauza. Lakini nani aulize? Mtaa mzima ulikuwa umengoja maiti ile miaka na miaka.

Nyumba ikajaa upya. Wanawake waliketi mikekani, wengine wanalia, wengine wanabishana kwa sauti ya chini.

"Sasa Tunu atakaa eda tena?"

"Eda mara mbili kwa mume mmoja? Wapi uliona?"

"Na huyu mume wa pili alale wapi?"

"Shoga, nyamaza, atakusikia."

Tunu alikuwa anasikia yote. Aliinuka akaenda jikoni alikokuwa mkwewe, Bi Zubeda, mama yake Kondo na Mbwana. Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Macho makavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nipe nikune mie. Wewe ni mfiwa, nenda ukakae na wenzio."

"Niache." Bi Zubeda hakuinua uso. "Mikono yangu ikikaa bure itanisema."

Kule mikekani walimsifu. Subira ya Bi Zubeda, walisema, hii ndiyo subira ya kweli.

*

Kesho yake Tunu alimwomba Azan ampeleke hospitali. Hakumwambia Mbwana.

"Dada Tunu, una hakika?" Azan alimuuliza garini. "Si kitu cha kutazama kile."

"Siendi kutazama. Kuna kitu chake nakitaka."

Walipokewa na daktari wa kike, Farida, mpole, sauti ya chini. Azan alibaki kwenye benchi. Tunu akaingizwa kwenye chumba kidogo chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

"Pole sana, mama. Unataka kumwona?"

"Hapana, daktari. Nimekuja kuchukua chuma chake."

"Chuma gani?"

"Cha pajani. Kabla hatujaoana aligongwa na gari Tegeta, mfupa ukavunjika, wakamtia chuma kirefu ndani yake. Hakikutolewa. Mvua zikikaribia kilikuwa kinamuuma, namkandaga kwa maji ya moto mpaka anasinzia." Tunu alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu goli lizame. "Mguu wa kulia. Nyie hamna kazi nacho, mie nataka nikae nacho."

Daktari alimtazama. Kisha akaingia mlango wa ndani. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa anavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Mama, hakuna chuma."

"Basi kitakuwa kimebaki shimoni. Nitamwambia Leonardi akitafute."

"Chuma cha namna hiyo kinakaa ndani ya mfupa. Hakidondoki." Alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakakaribia kugusana. "Mifupa yote miwili ya paja nimeiona. Mizima. Huyu mtu hajawahi kuvunjika mguu maishani mwake."

Tunu alisikia maneno. Maana yake ilichelewa kidogo nyuma, kama radi inavyochelewa baada ya mwanga.

"Mumeo una uhakika alivunjika?"

Angesema ndiyo, mambo yangeanza kwenda pale pale. Polisi, maswali, Mbwana na ile sahihi yake. Tunu alimwona Nusaiba na begi lake la shule. Ulimi ukamwambia uongo kabla hajauruhusu.

"Labda... labda kilitolewa. Nitauliza nyumbani."

"Uliza. Kibali cha mazishi kimeshatoka, lakini ukiwa na uhakika nipigie, nisimamishe. Namba yangu hii. Usikae nalo, mama."

Nje, Azan alisimama. "Umekipata?"

"Hawakukiona."

"Pole. Mungu atakupa kingine cha kumkumbukia."

Tunu aliomba ashushwe uwanjani.

*

Utepe wa polisi ulikuwa bado unapepea golini. Leonardi alikuwa kivulini nyuma ya ukuta, amechuchumaa. Ule ukoka wa kijani alikuwa ameukata vipande vya mraba, kauweka juu ya magunia yaliyoloa, anaunyunyizia maji kwa kopo.

"Mama Nusaiba! Nimeuwahi kabla polisi hawajaukanyaga," alisema. "Kesho mkishazika, nitaupanda juu ya kaburi lake. Kama wewe unakubali. Unaona mizizi hii? Sijapata kuona ukoka unakwenda chini namna hii. Umemzoea."

Tunu alishika kipande kimoja. Mizizi ilining'inia, myeupe, mirefu, laini kama nywele za mtoto. Ilikuwa imepita udongo, imepita kifusi, ikaning'inia ndani ya lile pango juu ya mtu.

Juu ya mtu gani?

Asubuhi zote zile. Siri zote zile. Alimweleza habari za ndoa yake, kwamba mwanzoni akimsikia Mbwana akikohoa barazani moyo wake ulikuwa unaruka, unadhani ni yule mwingine. Alimweleza alivyomwita mtoto Nusaiba kwa kuwa jina hilo alilichagua Kondo. Alimwomba radhi, na asubuhi moja, Mungu shahidi, alihisi amesamehewa. Upepo ulipita kwenye zile nyasi akaona ndilo jibu.

Nani alikuwa anasikiliza?

Alikwenda mpaka kwenye utepe, akainama juu ya shimo.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Punje za mchanga zilidondoka ndani. Zikaacha.

"Umesema nini, mama?" Leonardi aliuliza kutoka kivulini.

"Hapana, baba."

"Vijana wanasema hapa hawachezi tena. Mwenyekiti kachanganyikiwa. Mimi nawaambia tukijaza mawe vizuri, tukashindilia, tukapanda tena, ndani ya msimu mmoja hakuna atakayejua goli lilikuwa limezama wapi."

"Mie nitajua," alisema Tunu.

*

Alimkuta Mbwana nyuma ya nyumba, anajaza ndoo kwenye tenki kwa ajili ya wapishi wa msiba. Tunu alifunga bomba kwanza, maneno yasimezwe na maji.

"Mbwana. Yule si Kondo."

Mtu mwingine angeruka. Angesema una wazimu. Angeuliza umejuaje, nani kakwambia, kama si yeye ni nani. Tunu alikuwa amejiandaa kwa yote hayo.

Mbwana alitazama upande wa jikoni, akatazama upande wa choo.

"Umemwambia nani?"

Tunu alihisi kama ardhi ya golini imefunguka mara ya pili, safari hii chini ya miguu yake.

"Nakwambia aliyelala kule si kaka yako, wewe unaniuliza nimemwambia nani?"

"Punguza sauti."

"Ulijua."

"Mama Nusaiba, nisikilize. Kesho tunazika. Watu wataomba dua, watakula, wataondoka. Yatakuwa yamekwisha."

"Yapi yatakwisha? Mbwana, uliniapia. Uliapa mbele ya wazee kwamba ulimwona chini!"

"Nilimwona mtu chini!" Sauti ilimtoka kama iliyobanwa na mlango. Akaishusha. "Sasa fikiria mtoto. Kama Kondo hakufa, wewe ni mke wa nani? Na Nusaiba ni nani? Jibu hilo kwanza, halafu nenda kaseme unachotaka kusema."

Akafungua bomba, akaendelea kujaza ndoo. Ndoo ilikwisha kujaa, maji yakawa yanamwagika nje.

Tunu alibaki ameshikilia ukuta. Namba ya daktari alikuwa nayo kwenye pindo la kanga. Alilishika lile pindo jioni nzima. Hakupiga.

*

Asubuhi jeneza likaletwa barazani. Mtaa ulijaa mpaka barabarani. Waliokuwa wakiponda kokoto na Kondo walikuja, wengine wamezeeka kabla ya umri, vifua vinakohoa vumbi la zamani. Leonardi alikuja na toroli, ukoka umepangwa ndani, umefunikwa gunia.

Wanawake walikuwa ndani. Tunu aliketi karibu na dirisha. Akamsikia shehe wa mtaa akiuliza kama inavyoulizwa siku zote:

"Jamani, mnamshuhudiaje ndugu yetu huyu, Kondo?"

"Mwema!" wanaume waliitikia.

"Mnamshuhudiaje?"

"Mwema!"

Lile jina lilimwingia Tunu kama mwiba. Walikuwa wanamvisha mtu jina lisilo lake, waende nalo wakalifukie. Na mtu huyo alikuwa na mama mahali fulani, labda na mke, anayeongea peke yake kila asubuhi juu ya ardhi isiyo na mtu. Kama yeye.

Mara ya tatu haikuulizwa. Tunu alikuwa ameshasimama. Alivuka miguu ya wanawake, mmoja akamshika kanga, akaiacha kanga mkononi mwake. Akatokeza barazani, mbele ya wanaume wote.

"Huyu si Kondo."

Hata waliokuwa wanakohoa waliacha.

"Mke wangu amechanganyikiwa," Mbwana alimfikia kwa hatua ndefu, akamkamata mkono. "Jamani samahani, hajalala huyu. Ingia ndani."

"Mwachie aseme," alisema Azan.

"Azan, usiingilie nyumba yangu!"

"Nimesema mwachie aseme."

Mbwana hakuuachia mkono, lakini Tunu alisema hivyo hivyo, ameshikwa. Alisema habari ya Tegeta, ya mguu wa kulia, ya chuma. Alisema alivyoambiwa na daktari. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikatulia. Wale wazee wa kokoto walitazamana, mmoja akatikisa kichwa taratibu.

"Kweli," alisema. "Kondo alikuwa anachechemea. Jamani, tumesahauje?"

Waliokwisha kuinua jeneza walilishusha chini. Shehe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sasa huyu ni nani?" aliuliza. "Tumsalie kwa jina gani?"

Nyuma kabisa watu wakaanza kurudi kinyumenyume, mmoja mmoja.

Ndipo pazia la mlango likafunuka, akatoka Bi Zubeda.

Alitoka kama alivyokuwa jikoni, mikono ina unga. Alipita mbele ya wanaume bila kumtazama yeyote, akafika kwenye jeneza, akanyoosha kitambaa kilichokuwa kimekunjika upande wa kichwani. Alikinyoosha vizuri, kama anamtandikia mtoto.

"Msalieni kwa jina la mja wa Mungu," alisema. "Huyu ni mtoto wa mtu. Amekaa mno bila kaburi."

"Mama!" Mbwana aliita. "Mama, nakuomba..."

"Na Kondo je, Bi Zubeda?" shehe aliuliza kwa upole.

Bibi alijifuta unga kwenye kanga. Kwa mara ya kwanza katika msiba ule, machozi yalimtoka.

"Kondo hana haja ya kaburi. Kila Ijumaa hunipigia simu." Akamgeukia Tunu. "Mwanangu, miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuniuliza habari zako. Lakini tangu mlipoanza kupanda huu ukoka, hanijulii hata hali. Anauliza kitu kimoja tu. Anauliza kama mmeshafika goli la kusini."

Mbwana akauachia mkono wa Tunu, akaketi chini mchangani, mbele ya watu wote.